Nyuzi za 9 au za 10 kwenye gitaa la solo?

Seti ya 9 ina unene wa inchi 0.009 kwa uzi mwembamba zaidi hadi 0.042 kwa mnene zaidi; ya 10 ni 0.010 hadi 0.046. Kwa macho huoni tofauti, vidole ndivyo vinavyojua. Anayepiga sebene ndefu, juu kabisa ya shingo, atapenda 9: uzi unavutika kirahisi na mkono hauchoki mapema. Lakini ukikandamiza kwa nguvu, noti inapanda na kutoka nje ya tuni. Hapo 10 inashinda, na sauti yake imejaa zaidi. Mpiga ridhimu nampa 10 bila kusita, na piki (kidude cha kupigia nyuzi) ya milimita 0.73.

Wengi husahau hili: ukihama kutoka 9 kwenda 10, mvuto wa nyuzi unaongezeka na shingo inapinda mbele. Bana uzi mnene kwenye freti (vyuma vinavyokatiza shingo) ya kwanza na ya mwisho, kisha tazama katikati, kati ya uzi na freti. Mwanya ukizidi unene wa kadi ya biashara, kaza chuma cha ndani ya shingo, robo mzunguko tu, halafu tuni upya. Mwisho linganisha noti ya freti ya 12 na hamoniki yake, yaani sauti inayotoka ukigusa uzi kidogo tu juu ya freti hiyo bila kuubana. Noti ikiwa juu, sogeza kikalio cha uzi kwenye daraja (kipande cha mwilini nyuzi zinapokalia) kirudi nyuma, mbali na shingo.