Duka la dawa za mifugo Masasi, lile la jirani na stendi: nyota 4

Wadau wa mifugo wa Kusini, hili duka nalipa nyota 4 kati ya 5 na sababu kubwa ni dada muuzaji, anakuelezea mpaka uelewe ndo achukue hela yako. Mdogo wangu alikuwa ameona mtandaoni vile vidonge vya melatonini (homoni ya usiku) wanavyowachomeka kondoo nyuma ya sikio huko Ulaya na Australia ili majike waingie joto, yaani wawe tayari kupandwa, mapema, hela ya korosho ilikuwa imeingia basi akaenda kuulizia kama vinaagizwa. Yule dada akamwambia, "Kaka, hiyo hela nunulia mashudu."

Akaeleza vizuri sana aisee. Kondoo wa nchi za baridi anajua msimu kwa urefu wa usiku, giza likiingia kuna katezi kadogo kwenye ubongo kanamwaga melatonini mpaka kunakucha, kwa hiyo usiku ukirefuka na melatonini inakaa muda mrefu kwenye damu, mwili unajua baridi inakuja, majike wanaingia joto, mimba miezi 5, wanazaa majani mabichi yanapoota. Kule kaskazini mwa Scotland mwezi wa 6 mchana unapita masaa 17, mwezi wa 12 haufiki hata masaa 7. Sisi huku Mtwara mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa vinapishana kama saa moja na robo tu! Ndo maana hawa kondoo wetu wanapandwa mwaka mzima, ilimradi wameshiba.

Ila kilichonifanya niandike ni hiki cha kinga. Homoni za namna hiyo zinagusa mpaka kinga ya mwili, maana seli za kinga nazo zinapokea melatonini na prolaktini. Prolaktini ndo ile ya maziwa, kwa kondoo inapanda siku zikiwa ndefu, halafu inapanda pia jike akikaribia kuzaa, na hiyo ya kuzaa haijali uko Scotland au Masasi. Kuanzia wiki chache kabla ya kuzaa mpaka ananyonyesha, kinga yake dhidi ya minyoo inalegea, mayai ya minyoo yanajaa kwenye mavi, masika hii yenye unyevu yanaanguliwa malishoni na vitoto vinakula majani hayohayo. Tunasema mwaka mbaya, vitoto vinakufa, kumbe vimenyonywa damu na minyoo. Sio homoni peke yake lakini, chakula kina mkono mkubwa, jike mwenye mimba akipata protini ya kutosha kinga haishuki sana, ndo hapo mashudu ya ufuta au alizeti yanapoingia.

Akamwonyesha pia kufunua kope la chini, ndani pakiwa pekundu yuko sawa, pakiwa peupe hana damu huyo, anahitaji dawa ya minyoo. Wengi madukani wanakuuzia chupa ya kunywesha zizi zima wala hawaulizi nani ana mimba.

Nyota moja nimeibana kwa sababu hawana mizani, uzito wa kondoo mnakadiria kwa macho, na dozi ikiwa ndogo minyoo inazoea dawa. Mwenye duka kama unasoma, nunua mizani ya kuning'iniza hata moja uwe unaazimisha, wengi tutakuja kuazima.