Colosseum ya Roma: nyota nne kutoka kwa fundi mwashi

Mimi ni fundi mwashi, kwa hiyo nilipofika Colosseum, uwanja wa maonyesho wa Warumi wa kale, macho yangu yalikwenda kwenye kuta kabla ya kitu kingine chochote. Mawe yale makubwa ya travertino (aina ya mawe ya chokaa) hayakuunganishwa kwa chokaa; yalibanwa kwa vyuma. Matundu unayoyaona ukutani leo ni pale watu wa Zama za Kati walipochimba kung'oa vyuma hivyo. Na bado jengo limesimama! Ndani kuna zege la chokaa na majivu ya volkano, na jengo lenyewe lilizinduliwa na Kaisari Titus mwaka 80 BK. Watazamaji wapatao 50,000 waliingia kwa milango 80, na juu ya baadhi ya matao namba za Kirumi zinasomeka mpaka sasa. Hapo nilisimama muda mrefu, nikizipapasa kwa macho.

Tiketi ya kawaida inakuingiza pia Forum, magofu ya kitovu cha mji wa kale, na kilima cha Palatino, basi tenga siku nzima. Ila kule chini, walikofungiwa wanyama na kupandishwa kwa lifti zilizoendeshwa kwa nguvu za watu, kunataka tiketi ya aina nyingine, nayo huisha mapema. Hapo ndipo nilipokata nyota moja.

Kivuli ni haba, hivyo wakati wa kiangazi nenda asubuhi na ubebe chupa. Maji ya mabomba ya mtaani ni bure na ni safi. Tiketi huandikwa jina lako, usisahau pasipoti. Metro, yaani treni ya chini ya ardhi, ni mstari B, kituo cha Colosseo.