Safari tano za shamba kutoka Dar, kwenda na kurudi siku moja

Mabango ya safari za siku moja hayana haya. Kila wiki yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp: twiga mmoja, maporomoko ya maji, mdada kanyoosha mikono juu ya jiwe, na bei kwa maandishi mekundu. Bango halisemi muda. Ukitoka Dar saa kumi na moja alfajiri ukarudi saa tatu usiku, hizo ni saa kumi na sita. Kabla hujauliza bei, uliza hivi: katika saa hizo, ngapi nitakuwa nimekanyaga mahali nilipolipia kupaona, na ngapi nitakuwa kitini natazama tela la lori la mafuta pale Chalinze?

Kwa kipimo hicho nimezipanga safari tano. Saa za barabarani zikizidi saa za kutembea, naishusha, hata kama huko kuna tembo. Kigamboni nimeiacha makusudi kwa sababu wengi wanavuka kwenda huko kwa ajili ya bahari, na hapa tunazungumzia shamba, msitu na mlima.

Ya kwanza: Morogoro kwa treni, kisha kupanda Uluguru

Zamani nisingeipa nafasi hii. Kwa barabara ni kama kilomita 190, lakini toa foleni ya Kimara, toa malori ya Zambia na Kongo, toa tochi za trafiki zinazomfanya dereva atambae kila penye nyumba tatu, unafika stendi ya Msamvu karibu adhuhuri na mgongo umekufa ganzi. Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, imebadilisha hesabu yote. Ni chini ya saa mbili. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa wakati huo na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilikuwa shilingi 13,000 kwa kwenda; mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu, wa chini ya hapo bure.

Kuna mambo ya kuzingatia. Kata tiketi ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, siku kadhaa kabla, hasa kama ni Jumamosi. Mtu akikata ya kwenda peke yake, jioni anakuta treni imejaa na anaishia kugombea basi Msamvu. Beba kitambulisho. Fika stesheni mapema, maana mizigo inapita kwenye mashine na treni haikusubiri wewe unayeshuka kwenye bajaji unakimbia. Na ujue kwamba stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje ya katikati ya mji, kwa hiyo weka nauli ya bajaji au daladala kwenye bajeti.

Baada ya hapo ni mlima. Uluguru unavuka mita 2,600 kwenye kilele chake, lakini mtu wa siku moja haendi huko. Anakwenda Morningside, nyumba ya enzi za Wajerumani iliyokaa begani mwa mlima. Njia inapanda katikati ya mashamba ya Waluguru: migomba, maharage, mboga zilizopandwa kwenye mteremko ambao wewe unaushika kwa mikono, na mama anakupita anashuka na tenga la mboga kichwani, anakusalimia wala hahemi. Kupanda ni saa mbili hadi tatu kwa mwendo wa kawaida. Hewa inabadilika unapopanda. Mtu wa Dar aliyetoka na fulana peke yake ataanza kutafuta sweta.

Safari hii inanigusa kwa sababu nyingine pia. Mito inayoshuka Uluguru ndiyo inayoulisha Ruvu, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayosukuma maji mpaka bombani kwako Sinza au Kinondoni. Ukisimama pale juu ukaona miti imekatwa kwenye mteremko, mgao wa maji unaelewa umeanzia wapi. Msitu wa juu umo katika milima ya Tao la Mashariki, na una viumbe wasiopatikana mahali pengine popote duniani, akiwemo ndege mmoja wa jamii ya mbwigu anayeishi Uluguru tu. Kumwona si rahisi. Usilipe mtu anayekuahidi kumwona.

Chukua mwongoza wageni wa hapo hapo, mkubaliane bei mkiwa chini, na muulize kama njia mnayopita inaingia hifadhini, kwa sababu hifadhi ina kiingilio chake. Anza kupanda kabla ya saa nne. Masika, yaani Machi mpaka Mei, ule udongo mwekundu unateleza kama sabuni, na viatu vya kutokea havifai. Kama mmekwenda na bibi au mtu mwenye magoti, asipande: Rock Garden iko chini ya mlima, kuna mawe makubwa na kijito, na Soko Kuu la Kingalu lipo kwa anayetaka kurudi Dar na ndizi na mboga.

Ya pili: Pugu na Kazimzumbwi, Kisarawe

Kwa hesabu ya saa peke yake hii ingekuwa ya kwanza. Kutoka Posta mpaka Kisarawe ni kilomita 30 hivi. Unaweza kuondoka nyumbani saa mbili asubuhi, ukiwa umekunywa chai yako kama binadamu, na saa nne uko msituni. Imeshuka kwa mambo mawili: mbu, na kuhisi kwamba jiji bado liko mgongoni. Kwenye vilima vya Pugu siku ya anga safi unaliona kabisa.

Lakini kwa familia yenye watoto, au mtu mwenye pesa kidogo, sioni kinachoishinda. Ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, mabaki ya msitu wa pwani uliokuwa umeenea kabla ya mkaa na mashamba kuula. Kuna njia za kutembea, kuna bwawa la Minaki kwa wanaotaka kukaa wakala walichobeba, na kuna mapango yaliyochimbwa kutafuta kaolini, udongo mweupe, ambayo siku hizi wenye nyumba ni popo. Harufu yao utaipata kabla hujafika. Wanatoka kwa maelfu giza likianza kuingia, na hapa ndipo ukaribu unapolipa: safari nyingine zote saa hiyo ziko barabarani zinarudi, wewe unaweza kubaki mpaka popo watoke na bado ukala chakula cha usiku kwako. Panga hilo na askari wa hifadhi mapema, usijikalie tu.

Kiingilio hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, si fedha mkononi. Mtu akikupokea getini na kuomba noti, ombi la risiti linatosha. Vaa suruali ndefu. Usafiri si tatizo: daladala za Kisarawe zinapatikana Gongo la Mboto, ila kutoka kituoni mpaka msituni utahitaji bodaboda au miguu.

Wakati wa kurudi, wengi wetu tunapitia Pugu mnadani. Ng'ombe na mbuzi wanashushwa pale kutoka mikoa ya mbali, na nyama choma yake haijasafiri kwenye friji. Hapo hapo Pugu ndipo Mwalimu Nyerere alipokuwa akifundisha, shule ya Mtakatifu Francis, mpaka alipoacha kazi mwaka 1955 ili aishughulikie TANU. Kwa watoto wa shule, siku moja yenye popo, msitu na hilo si haba.

Ya tatu: Bagamoyo, lakini anzia Kaole

Wengi wanaiuza Bagamoyo kama mji wa historia, wanakushusha Ngome Kongwe, wanakupitisha mtaa mmoja, halafu hotelini ufukweni mpaka jioni. Hapo umelipia kula samaki tu. Nenda Kaole kwanza, kilomita chache kusini mwa mji, asubuhi kabla jua halijakaza. Kuna magofu ya misikiti, mmoja wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo, mengine yalipambwa kwa bakuli za Kichina. Kuna mbuyu mkubwa. Waongoza wageni hupenda kusema kwamba anayeuzunguka huongezewa umri. Kuzunguka ni bure, kwa hiyo zunguka. Ukimaliza, mikoko iko jirani na vijijini watu wanaendelea na minazi yao.

Misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa 1868, iweke ya pili. Mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, ulifikishwa hapo Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Mji mkongwe uache wa mwisho, pamoja na soko la samaki.

Umbali ni kilomita 65 hadi 70, magari yanapatikana Makumbusho. Ubaya wake uko kwenye kurudi. Jumapili jioni, kutoka Bunju kuja Tegeta mpaka Mwenge, foleni inakula saa ambazo bango halikuzitaja. Rudi saa tisa, au nenda siku ya kazi kama bosi anaelewa. Mwenye gari lake aongeze mchepuko wa barabara ya Msata mpaka Kiwangwa msimu wa mananasi. Utayanunua barabarani, na ukishayaonja hutauliza kwa nini nimekutuma huko.

Ya nne: Mikumi

Najua hapa nitagombana na watu. Mikumi ni hifadhi nzuri, ya tangu 1964, ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na kwenye uwanda wa Mkata utaona tembo, nyati, twiga na pundamilia bila kuhangaika sana. Tatizo ni kilomita 283 kutoka Dar. Basi la kundi likitoka saa kumi alfajiri linaingia getini jua likiwa limeshapanda, wakati simba wamelala chini ya mti na wewe unapewa saa tatu kabla hamjageuza. Halafu mnarudi usiku kwenye barabara ile ile ya malori. Kwa bei inayotozwa, na kwa usalama, mimi silipi.

Inakuwa na maana kwa njia moja: treni ya asubuhi mpaka Morogoro, gari likusubiri stesheni, kutoka hapo ni kama kilomita 100. Hata hivyo ni siku ndefu, na ukiweza kulala usiku mmoja Mikumi mjini, lala. Beba kitambulisho cha taifa: Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa kutoka nje, na tofauti ni kubwa. Muulize anayekuuzia kama gari la kuzungukia hifadhini ni la wazi au lenye paa la kufunguka. Kuna watu wamelipa, wakazungushwa ndani ya Costa yenye vioo vyeusi.

Isitoshe, barabara kuu ya Mbeya inakatiza hifadhini kwa kilomita 50 hivi. Abiria wa Mbeya na Songea wanaona twiga na nyani kwa nauli yao ya kawaida. Kama una ndugu Iringa wa kumtembelea, Mikumi yako tayari imo ndani ya tiketi, kaa dirishani.

Ya tano: Saadani kwa siku moja

Usinunue. Mahali penyewe ni pa pekee, hifadhi ya taifa inayoshuka mpaka baharini, na ukilala siku mbili utanishukuru. Kwa siku moja kutoka Dar utalipia mtikisiko wa barabara ya vumbi, na mvua ikinyesha, utalipia tope.

Ukinunua kifurushi badala ya kwenda mwenyewe

Kwa Pugu na Bagamoyo, nendeni wenyewe. Watu wanne na daladala wanatosha, na anayewauzia kifurushi anawauzia muziki wa kwenye gari. (Muziki huo, nisipousema nitaugua: unaanza Mwenge saa kumi na moja alfajiri na hauzimwi.) Kwa Morogoro kifurushi kinafaa kama hujui mtu huko. Kwa Mikumi karibu ni lazima, kwa sababu ya gari.

Bei ikishatajwa, mwambie mwandaaji akuandikie kilichomo: usafiri, kiingilio, mwongoza wageni, chakula, maji. "Kila kitu kimo" si jibu. Mara nyingi kiingilio hakimo, na unakigundua getini. Muulize leseni yake ya TALA, ile ya biashara ya utalii. Ukilipa kwa simu, tazama jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri: likiwa la mtu usiyemjua badala ya jina la biashara, simama. Muulize pia watu wasipotimia inakuwaje, maana safari nyingi za makundi zinaahirishwa Ijumaa usiku kwa sababu wamejiandikisha saba na gari ni la watu ishirini na tano. Ahadi ya kurudisha pesa iwe kwenye ujumbe, na tarehe ndani yake. Akikujibu "tutaangalia dada, usijali," mpe kianzio kidogo, kinachobaki mpe mkiwa mmeshakaa ndani ya gari.