Uzoefu wangu: CS50 ya Harvard kwa mtu aliyefundishwa kuprogramu kwa peni na karatasi

Wadau habari zenu. Hii naandika hasa kwa wadogo zangu mnaoanza kozi za kompyuta vyuoni na nyie wa mwaka wa 2 ambao mmeshaonja UE (mtihani wa mwisho wa semista) ya kwanza. Nimekaa muda mrefu nikitaka kueleza uzoefu wangu na CS50x, ile kozi ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta ya Harvard ambayo mtu yeyote anaisoma bure mtandaoni, ila siwezi kuielezea bila kusema kwanza nilikotoka, maana mimi nilishafundishwa vitu vile vile kwa njia nyingine, nikapimwa, nikafaulu, na bado nilikuwa sijui.

Chuo sikitaji, ni cha hapa hapa Tanzania. Mwaka wa 1 tulisoma lugha ya C. Venyu moja tuko zaidi ya 300, lekchara mmoja, maiki na slaidi, na ukikaa nyuma ule mwandiko mdogo wa programu kwenye ukuta huusomi kabisa. Maabara ilikuwa na kompyuta 40 na siku nzuri zinawaka 30 hivi, kwa hiyo mnakaa watatu watatu, anayeshika kibodi ni mmoja, wawili mnachungulia begani, na masaa mawili yakiisha kundi lingine liko mlangoni linagonga. Laptopu sikuwa nayo, bumu (pesa ya mkopo wa chuo) lenyewe ni la kula na kulala. Semista nzima nadhani nilishika kibodi mara 4.

Upimaji sasa. Kozi waki, yaani kazi za katikati ya semista, maksi 40, UE maksi 60. Kwenye ile 40 kuna testi mbili na asaimenti ya kikundi, watu 10, wawili wanafanya na nane tunapeleka namba za usajili. Testi na UE vyote ni peni na karatasi. Swali linasema andika programu inayopokea namba 10 na kuzipanga kuanzia ndogo, na wewe unaiandika kwa mkono, ukigundua lupu ya ndani umeianzia pabaya unakata, unachora mshale mpaka pembeni mwa karatasi, unaandika mstari uliosahau, unaomba Mungu msahihishaji aufuate huo mshale. Kompaila, ile programu inayogeuza ulichoandika ili kompyuta iendeshe na kukuonyesha makosa, hakuna. Umesahau semikoloni? Utakatwa nusu maksi, na wala hutajua kwamba umekatwa, kwa sababu karatasi ya UE hairudi. Kinachorudi ni herufi moja kwenye mfumo wa matokeo. B. Ulikosea wapi, ulipatia wapi, hayo unabaki nayo wewe na B yako.

Sasa watu tunafaulu vipi? Pasipepa, yaani mitihani iliyopita. Unatafuta za miaka mitano nyuma, unakuta swali la kupanga namba linarudi, la kugeuza linkdi listi (orodha ambayo kila kipande kinaonyesha kilipo kinachofuata) linarudi, unapiga msuli unazikariri kama mashairi ya kwaya. Ile ya linkdi listi mpaka leo ukiniamsha usiku naiandika bila kufikiria. Somo la miundo ya data nilipata B+ na nilifurahi sana, nikampigia mama simu.

Alafu nikaenda PT, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Ofisi yenyewe ndogo tu, nikapewa faili la majina ya wateja kama elfu 6 hivi, mengine yanajirudia, nikaambiwa toa yanayojirudia. Aisee hilo ni swali la mwaka wa 1. Nilikaa mbele ya ile kompyuta toka saa tatu asubuhi mpaka mchana wa kula. Hash tebo, ile njia ya kugawa data kwenye makundi ili uipate haraka, nilikuwa nayo kichwani, maana yake, faida zake nne, hasara zake tatu, mchoro wake naweza kuchora. Ila jinsi ya kufungua faili na kusoma mstari mmoja baada ya mwingine sikujua, kwa sababu sijawahi kuulizwa. Dada aliyekuwa ananisimamia hakunigombeza, alivuta kiti akaniuliza taratibu tu, "Hivi mdogo wangu, chuoni huwa mnaandika kweli, au mnaandika kuhusu kuandika?" Nilishindwa kumjibu. Yeye ndo aliyenionyesha CS50.

Kwa msioijua: ni kozi ya Harvard inayoongozwa na David Malan toka 2007, na toka 2012 iko edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, kwa watu wote. Unaanza na wiki ya 0, Skrachi (Scratch), unapanga vipande vya rangi kama mtoto, usiidharau, alafu wiki ya 1 unaingia C moja kwa moja, unapita arei, algorithimu, memori, miundo ya data, ndo unakuja Python, SQL (lugha ya hifadhidata), kurasa za wavuti, na mwishoni Flask, ya kutengenezea tovuti kwa Python. Kila wiki kuna somo la video la kama masaa mawili, na kila wiki kuna seti ya maswali. Hizo seti ndo kozi yenyewe, yaani ukiangalia video zote bila kugusa maswali hujasoma CS50, umeangalia filamu.

Cheti cha CS50 chenyewe ni bure, ila lazima upeleke kila seti, usipungue asilimia 70, na ufanye mradi wako wa mwisho. Ukitaka kile cha edX kilichothibitishwa hicho unalipia, mimi sijakichukua. Na hakuna cha kuinstoo, unaandikia kwenye brauza, kompyuta inayofanya kazi iko kwao. Mimi nimeifanya kwa laptopu iliyotumika yenye RAM ya GB 4.

Kilichonibadilisha ni kitu kinaitwa check50. Ukimaliza programu unaiita hiyo, inachukua kazi yako inaijaribu yenyewe, alafu inakurudishia mistari, kila mstari na alama yake, tabasamu la kijani ukipatia na uso wa huzuni mwekundu ukikosea. Swali mojawapo la mwanzo la C ni kuchora piramidi ya alama za reli (#), unamuuliza mtu urefu. Mimi nikaandika, nikajaribu 4, ikachora vizuri, nikajua nimemaliza. check50 ikaniletea nyekundu: je mtu akiingiza 0? Akiingiza namba hasi? Akiandika neno badala ya namba? Nilisimama kwanza. Kwenye UE ile programu yangu ingepata maksi zote. Miaka miwili na nusu nasoma kompyuta, hakuna aliyewahi kunifundisha kwamba mtumiaji anaweza akaandika chochote.

Na unarudia. Unapeleka mara 1, mara 10, mara 40, hakuna anayekuhesabia makosa. Hili sijui nilielezeje ila ni tofauti kubwa sana, kule kosa ni maksi imeondoka na semista imeisha, huku kosa ni kazi ya usiku wa leo.

Niwaambie kuhusu wiki ya 4, ya memori. Hapo ndo kuna mapointa, na mapointa ndo yalitupeleka wengi sapu (mtihani wa kurudia). Kwetu tuliyafundishwa kwa sentensi moja ya Kiingereza ya kwenye slaidi, tunaikariri, tunaiandika. Wengi wetu msingi tulisoma kwa Kiswahili, sekondari tukahamia Kiingereza, kwa hiyo kitu kigumu ukipewa kwa sentensi ngumu unabeba sentensi unaacha kitu. Mimi pointa nilizielewa chini ya mwembe nje ya hosteli, mshkaji wangu wa Songea alituambia: pointa ni namba ya sanduku la posta. S.L.P. 512 sio barua, inakwambia barua iko wapi. Ukibadilisha namba hujabadilisha barua, umeenda kufungua sanduku la mtu mwingine. Basi. Nilivofika wiki ya 4 ya CS50 nikawa na ile S.L.P. kichwani na kila kitu kikakaa.

Kwenye hiyo wiki kuna swali linaitwa Recover. Unapewa faili moja la kadi ya kamera, picha zimefutwa, unatakiwa uzirudishe. Kadi imegawanyika vipande vya baiti 512, kila picha ya JPEG inaanza na baiti zake maalumu, kwa hiyo unasoma kipande kimoja kimoja, ukiona mwanzo wa picha unafungua faili jipya unaanza kuandika humo, mpaka uone mwanzo mwingine. Picha ni 50, kuanzia 000 mpaka 049. Mara ya kwanza mafaili yote 50 yakatokea, nikashangilia, kufungua hakuna hata moja linalofunguka. Siku mbili nazunguka. Kumbe nilikuwa naandika kipande cha kwanza tu cha kila picha, vinavyofuata naviruka, kwa sababu lile sharti langu lilikuwa linasema andika ukiona mwanzo, halisemi endelea kuandika kama hujaona mwanzo mwingine. Nilihamisha mstari mmoja tu nje ya mabano. Nikaiendesha tena, nikafungua 000, picha ikaja. 001, ikaja. Ilikuwa saa nane usiku, nilizifungua zote 50 moja moja.

Wiki ya 5 kuna Speller, kamusi ya maneno 143,091, unaipakia kwenye memori alafu unakagua maandishi. Hapa ndo nilikutana tena na hash tebo yangu ya B+. Nikagawa kwa herufi ya kwanza, makundi 26, kama nilivyochora kwenye mtihani. Ikafanya kazi ila polepole, na programu inakuonyesha muda iliotumia, kwa hiyo unajionea mwenyewe. Nikaongeza makundi, nikabadilisha namna ya kugawa, muda ukashuka. Lile neno "ufanisi" nililoandika kwenye UE zaidi ya mara 10 nililiona siku hiyo.

Sasa sio kwamba kila kitu ni asali. Kwanza bando. Video mimi nilikuwa nadaunlodi kwenye waifai ya chuo usiku, zina sehemu ya kushushia, ila kuandika na check50 lazima uwe hewani. Pili ni Kiingereza cha kasi, jamaa anaongea kama anawahi treni, weka manukuu na usimamishe kila dakika, huna wa kukucheka. Tatu, na hili ndo kubwa, kwa sisi wa mtandaoni mashine inakagua kama programu inatoa jibu sahihi na kama imepangwa vizuri, ila hakuna binadamu anayeisoma akakwambia hapa umezunguka bila sababu. Na hakuna anayejua kama kazi ni yako. Sheria yao inakataza ChatGPT na wenzake, badala yake wana bata wao toka 2023, bata wa akili mnemba, ukimuuliza hakupi jibu, anakuuliza na yeye umejaribu nini. Ila ukiamua kudanganya utadanganya, na majibu ya seti zote yamejaa mtandaoni.

Ndo maana siwaambii mkichukie chuo. Toka hizi AI zije naona malekchara wengi wanarudi kwenye karatasi kwa nguvu zaidi, na naelewa, asaimenti zinarudi zote zinafanana hadi majina ya vigezo. Ila karatasi sio dawa pekee. Mwaka wa 3 tulikuwa na mhadhiri mmoja, darasa lake lilikuwa dogo, watu 35, yeye asaimenti ukishapeleka anakuita ofisini dakika 5. Hakuulizi maana ya kitu chochote. Anafungua programu yako, anafuta mstari mmoja mbele yako, anakuuliza "nikiiendesha sasa hivi kitatokea nini?" Kama umeiandika wewe unamjibu kabla hajabonyeza. Kama umeidesa unaanza kutoa jasho. Kwenye ile kozi nilipata B tu, na ndiyo kozi niliyotoka naijua kuliko zote, najua na ile B ilitokana na nini kwa sababu alinionyesha. Kwa darasa la 300 najua ni ngumu, ila wasaidizi wa maabara wapo, na hata ukiita mara moja tu kwa semista mtu atajiandaa tofauti.

Kwa anayetaka kuanza: usianze mwezi wa mitihani, anza likizo. Usiruke wiki ya 0. Ukikwama usikimbilie jibu, muelezee mtu programu yako mstari kwa mstari, mimi nilikuwa namuelezea rumeti wangu anayesoma ualimu wa Kiswahili, hajui C hata kidogo, na mara nyingi nilikuwa naliona kosa kabla sijamaliza sentensi. Na usiogope kuchelewa, mwaka ukiisha maksi zako zinahamia mwaka unaofuata, mimi mwenyewe nimevuka nazo Januari.

Nyota kwa CS50 natoa 5. Saivi niko wiki ya 9, swali linaitwa Finance, tovuti ya kununua na kuuza hisa. check50 ya jana imeniachia nyekundu mbili, zote kwenye ukurasa wa kuuza, nadhani mtu akiuza hisa nyingi kuliko alizonazo programu yangu inamkubalia. Leo saa nne usiku bando likianza narudi nayo.