Msimu mpya wa jukwaa Dodoma: nunua tiketi ya ngoma, Kinjeketile subiri kwanza

Ratiba imeshatoka: maonyesho matano kuanzia Julai hadi mwishoni mwa Septemba, yote kwenye ua wa ukumbi wa kata. Manne ni ya kulipia, sh 5,000 kila moja, na moja ni la bure. Tiketi ya msimu ni sh 15,000, yaani unalipia matatu unaona manne. Kikundi ni cha wanajamii: walimu, mafundi cherehani, kina mama wa vikoba, wanafunzi wa chuo. Jina lake tunaliacha, kwa sababu kasoro tutakazozitaja ni za vikundi vingi vya mji huu, na si haki mmoja abebeshwe mzigo wa wote.

Ushauri wetu ni kutokimbilia tiketi ya msimu. Onyesho moja lina thamani kubwa kuliko bei yake, la pili litategemea kama wataligeuza jukwaa, na mawili yaliyobaki unaweza kuyakosa bila kujuta. Ukikata tiketi mbili tu utalipa sh 10,000, ubaki na nauli ya bajaji.

Tuanze na usiku wa ngoma, maana ndio moyo wa msimu huu hata kama bango limeuweka chini kwa herufi ndogo. Watapiga muheme, kisha nindo na msunyunho, mitindo mingine ya Kigogo, halafu kipande kifupi cha zeze na ilimba, ala ya vibao vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba. Muheme, kwa asiyeijua, ni ngoma ya wanawake wa Kigogo: mpigaji husimama, ngoma kaibana katikati ya mapaja, mikono miwili juu ya ngozi. Ngoma kubwa hushika mwendo, ndogo hucheza juu yake, na anayeongoza hubadilisha mapigo bila kutoa ishara unayoweza kuiona. Ukikaa mbali unasikia kishindo tu. Ukikaa safu ya pili au ya tatu unaanza kutofautisha nani anasema na nani anajibu.

Kinachowapa ushindi ni kwamba wameamua kubaki uani. Ngozi ya ngoma inataka moto. Kabla ya kuanza huanikwa karibu na miale ya nyasi kwa dakika 10 hadi 15 mpaka ikaze, na usiku ukishapoa hunyonya unyevu, hulegea, mlio ukawa butu. Inabidi irudishwe motoni katikati ya onyesho. Kwenye ukumbi wa vigae na dari ya jasi hakuna mtu atakuruhusu kuwasha nyasi, ndiyo maana maonyesho mengi ya ngoma kwenye kumbi za mikutano za hapa huanza vizuri na kuchoka baada ya nusu saa. Watu hudhani wapigaji wamechoka, kumbe ngozi ndiyo iliyochoka. Na paa la bati, hata likiwa juu sana, hurudisha kishindo chote chini na kuufunika uimbaji. Uimbaji wa Kigogo ukishafunikwa, umepoteza nusu ya ulichokifuata, kwa sababu sauti zake hupandana, kila kundi na njia yake, na utamu uko pale zinapokutana.

Kasoro tunayoiona kwenye mpango wao ni maiki. Fomu ya vifaa inaonyesha maiki nne mbele ya ngoma. Hazihitajiki hata moja. Muheme wa wanawake sita unaujaza ua wa watu 150 bila msaada, na ukiuongezea spika unachopata ni mngurumo. Maiki mbili zinatosha: moja kwa kiongozi wa uimbaji, moja kwa ilimba. Hapo kwenye ilimba kuna mtego ambao mafundi mitambo wengi huuingia. Ubao wa ilimba una vitundu vilivyofunikwa kwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaotoa ule mvumo wa kukwaruza juu ya kila noti. Ni sehemu ya ala, umewekwa makusudi. Fundi asiyejua akisikia mkwaruzo hudhani waya umelegea au maiki imeharibika, anakata trebo, yaani sauti za juu, hadi ilimba inabaki kama matone ya maji kwenye ndoo. Hukwe Zawose, mtoto wa mkoa huu aliyeibeba ala hiyo hadi majukwaa ya dunia na kufariki mwaka 2003, asingeitambua. Maiki ikae kama sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye ubao, trebo iachwe ilivyo, na fundi aambiwe mapema.

Jambo jingine: angalia kalenda ya Chamwino. Tamasha la muziki wa Cigogo hufanyika huko, na vikundi vizuri vya vijijini haviwezi kuwa sehemu mbili. Usiku wa ngoma ukigongana nalo, utaletewa kikundi cha akiba. Uliza ni kikundi kipi kinakuja kabla hujalipa.

Sasa Kinjeketile. Tamthilia hii ya Ebrahim Hussein kuhusu nabii wa Vita vya Maji Maji, iliyochapishwa mwaka 1969, inawafaa kabisa: ina makundi ya watu, ina nyimbo, haidai mandhari ya gharama, na inauliza swali ambalo mtazamaji ataondoka nalo, kwamba neno likishatoka kinywani mwa mtu linaweza kukua likamshinda mwenyewe. Mazoezi yanaonyesha mwigizaji mkuu ameshika sehemu yake. Tatizo ni Agosti, na ni mahali jukwaa lilipo.

Upepo wa kiangazi hapa hutoka mashariki na kusini-mashariki, na kuanzia saa kumi jioni haupumziki. Jukwaa lao limewekwa upande wa magharibi wa ua, waigizaji wakiutazama mashariki, kwa sababu soketi ya umeme iko kwenye ukuta huo. Kwa hiyo kila neno linatoka likipambana na upepo. Sauti inayokwenda kinyume na upepo hupinda kwenda juu ikapita vichwani mwa watazamaji, wakati inayokwenda na upepo huinamia ardhini na kumfikia hata wa safu ya mwisho. Ndiyo maana kupaza sauti hakusaidii. Mwigizaji atakauka koo na wa safu ya saba bado atauliza jirani yake, "Kasemaje?" Dawa ni waya wa kuongezea umeme wa mita 30 na jioni moja ya kazi: jukwaa lihamie ukuta wa mashariki, watazamaji wawe magharibi yake. Jua nalo, likizama saa 12 na nusu hivi, litakuwa migongoni mwa watazamaji na kuwamulika waigizaji usoni, kwa hiyo taa hazitakuwa na kazi nusu saa ya kwanza.

Kwa mpangilio wa sasa wanategemea maiki sita za kichwani kwa waigizaji 14. Zinabadilishwa nyuma ya pazia, na kila zinapobadilishwa sentensi mbili tatu za mwanzo humezwa. Zikivaliwa chini ya kitenge husugua, zikiachwa wazi bila sponji upepo huingia na spika zikaunguruma. Betri nazo: kama ni za AA, ziwekwe mpya kila onyesho, hata kama taa ya kijani bado inawaka. Tungependelea maiki tatu zilizolazwa kwenye ukingo wa jukwaa juu ya kipande cha sponji chenye unene wa sentimita 3, ili zisichukue vishindo vya miguu, na spika mbili mbele ya mstari wa maiki. Mara ya mwisho spika zilikuwa nyuma yake, na mluzi uliosikika ulitokana na hilo, si ubovu wa mitambo.

Halafu kuna kile kitambaa cha bluu. Kinjeketile anatoka majini akiwa mkavu, na hapo ndipo watu wanapomwamini, hivyo maji lazima yaonekane. Wametumia kaniki nyepesi ya mita 6 ambayo kwenye mazoezi ilipaa ikamfunika mpiga ngoma. Watu walicheka, na baada ya kicheko hicho hakuna imani inayorudi. Pindo lishonewe mchanga, au washike watu wanne.

Umeme ukikatika, jenereta yao ni ya kVA 2.5, yaani wati 2,000 hivi za kutumika kweli. Taa nane za LED za wati 150 zinakula 1,200, spika na mitambo kama 500. Inatosha, lakini bila birika la umeme la chai. Mwaka huu mama lishe apewe jiko la mkaa. Jenereta ikae magharibi ya ua, angalau mita 30, ili upepo uchukue kelele na moshi.

Wakiligeuza jukwaa, nunua. Wasipoligeuza, kaa safu nne za mbele au usiende.

Usiku wa vichekesho ni ule ule wa msimu uliopita, na sarakasi ya watoto ni nzuri kwa watoto.

Onyesho la bure, jukwaa la majadiliano kuhusu maji ya mtaani, lisiachwe kwa sababu tu halina tiketi. Namna hii ya kuigiza, watazamaji wakisimamisha mchezo na kuingia kuubadilisha, ina mizizi nchini tangu walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipofanya kazi ya kuigiza na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, miaka ya mwanzo ya 1980. Inasimama au kuanguka kwa mwezeshaji. Mzuri huusimamisha mchezo mara tatu au nne, huuliza swali moja fupi, kisha hunyamaza hadi kimya kiwe kizito na mtu mmoja ainuke. Wao wana mwezeshaji anayejibu maswali yake mwenyewe. Tena mwenyekiti wa mtaa amewekewa kiti mbele katikati, na hakuna atakayezungumzia bomba lililokauka huku anamtazama. Viti vipangwe duara, mwenyekiti akae popote kama wengine.

Kwa wanaokuja: Julai usiku nyuzi joto hushuka hadi 14 hivi, na upepo huongeza ubaridi, kwa hiyo sweta na shuka. Viti ni vya plastiki, sakafu ni bapa, anayekuja na kofia kubwa aketi pembeni. Vumbi ni juu yao kulituliza: eneo la kuchezea la mita 10 kwa 10 linataka lita 200 za maji, pipa moja, saa moja kabla. Wakimwagia dakika za mwisho wachezaji watateleza. Kaa upande wa kusini wa ua, moshi wa nyasi za ngoma hautakufikia. Nyumba za wageni hupumua baada ya Bunge la bajeti kumalizika mwishoni mwa Juni, kwa hiyo wanaotoka Morogoro au Singida watapata chumba bila kubembeleza. Malipo ni kwa simu, ujumbe wa muamala ndio tiketi: usiufute, na piga picha ya skrini, maana mlangoni mtandao huwa dhaifu na kijana wa mlangoni hana daftari.