Stripe Radar kwa sisi wenye maduka madogo ya mtandaoni, nampa nyota nne

Nauza kanga na vitenge mtandaoni hapa Marekani, duka lenyewe ni mimi na mdogo wangu tu, malipo yanapita Stripe, kampuni ya kupokelea malipo ya kadi, na humo ndani kuna hiki kidude cha kunusa kadi za wizi kinaitwa Radar, hulipii ziada kwenye akaunti ya kawaida.

Kila muamala unapewa alama ya hatari 0 mpaka 99, ikifika 75 unakataliwa hapo hapo. Kati ya 65 na 74 ndo pa kuwa macho, maana hela inaingia ila na onyo. Juzi imekuja ya hivyo, doti 12, usafiri wa haraka kuliko wote, mwenye kadi jina lingine mpokeaji lingine, nikapiga simu aliyoandika haipatikani. Nikarudisha hela mzigo ukiwa bado mezani. Bora hivyo kuliko mwenye kadi aje alalamike benki, hapo unapoteza kanga, unapoteza hela, na Stripe wanakukata dola 15 za malalamiko juu.

Ingia kwenye sheria za Radar uhakikishe ile ya kukataa zipu kodi (namba ya posta ya anwani) isiyolingana na ya benki imewashwa, na ya zile namba tatu za nyuma ya kadi pia. Ndio, kuna mteja wa kweli kahama nyumba hajaiambia benki atakwama, mwambie tu arekebishe. Na ukiona vioda vya dola moja moja vinagonga mfululizo kadi tofauti tofauti, huyo hanunui kitu jamani, anajaribu kadi zipi za wizi bado nzima.

Wateja wa Uingereza na Ulaya mara nyingine benki yao inawathibitisha kwanza kwa namba ya siri au app, na wakipita hapo baadaye akisema kadi iliibiwa hasara kwa kawaida inabebwa na benki sio wewe, napenda sana hiyo.

Nyota ya tano nimeibana kwa sababu mbili. Ile alama kwa namba huioni mpaka ulipie Radar ya juu, sisi tunaonyeshwa daraja tu. Halafu haimnusi mwenye kadi halali anayepokea kanga zake, akazivaa harusini, kisha akaiambia benki hazikufika. Huyo dawa yake ni sahihi ya kupokea mzigo na chati zenu zote, usifute.