Eti poda ya echeveria ni vumbi!

Nianze na kilichonipandisha mori, mengine yatafuata. Niliwatumia wauzaji picha ya echeveria yangu, ile sakulenti (mmea wa majani manene yanayotunza maji), baada ya kuipulizia dawa yao ya vidung'ata, wale wadudu wadogo wanaojifunika kitu cheupe kama pamba. Upande mmoja majani bado yana ile poda yake ya kijivu na samawati. Upande wa pili yamebaki uchi, kijani kitupu kinachong'aa, na katikati kuna michirizi inayoonyesha kila tone lilipopita likiteremka. Jibu lilikuja upesi, hilo nawasifu: "Pole dada, hilo ni vumbi tu limetoka. Dawa yetu inasafisha na majani pia." Na kikaragosi cha kutabasamu juu yake.

Vumbi! Mtu anauza dawa ya sakulenti, chupa ina picha ya echeveria kifuani, halafu hajui kwamba ile poda ni nta na kwamba inatengenezwa na jani lenyewe. Ndiyo inayopunguza makali ya jua, ndiyo inayofanya maji yateleze yasituame katikati ya majani. Ukiigusa tu, alama ya kidole inabaki. Na jani lililokwisha kukomaa likivuliwa nta yake halivai nyingine. Unasubiri majani mapya yachipuke katikati na haya ya chini yakauke yenyewe, moja baada ya jingine, na echeveria haijawahi kuwa na haraka. Kwa hiyo nitakaa na mmea wenye mabaka kwa miezi. Isitoshe, majani yaliyokuwa yamezoea dirisha lenye jua sasa yana madoa ya hudhurungi, makavu, upande uleule uliovuliwa. Vumbi gani hilo ambalo likipanguswa mmea unaungua?

Nilimweleza yote hayo, kwa adabu. Akaniuliza kama simwagilii maji kupita kiasi. Maji yameingiaje hapa, jamani?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa yenyewe inaua. Laiti ingekuwa maji ya rangi, ningetoa nyota moja na kwenda zangu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kwenye haworthia, sakulenti yangu nyingine, iliniacha mdomo wazi. Wanaofuga mimea hiyo wanajua vidung'ata hujibana wapi, kule chini kabisa jani linapoungana na shina, mahali ambapo hata kijiti cha meno hakipenyi bila kuvunja kitu. Nilipuliza, ile pamba yao nyeupe ikalowa na kunywea, chini yake kikaonekana kidudu chenyewe: rangi ya waridi iliyofifia, laini, miguu imekunjwa, hakisogei. Ule utomvu mtamu wanaounyesha majani nao ukatoka, na sisimizi waliokuwa wakiufuata wakakata safari. Nilifurahi sana siku ile. Nikawasifia watu.

Ila ukitazama inavyoua ndipo unaelewa kwa nini hasira yangu haishuki. Ni sabuni ya kuulia wadudu iliyochanganywa na mafuta ya mwarobaini, na sabuni ya namna hiyo humwondolea mdudu koti lake na kuharibu ngozi yake laini mpaka anapoteza maji na kufa. Koti la kidung'ata ni nta. Poda ya echeveria ni nta. Sabuni haina macho ya kumtambua mwenye nyumba na mgeni. Kwa hiyo kilekile kinachoifanya dawa hii iwe nzuri ndicho kilichonivulia mmea, na mtu aliyeichanganya lazima analijua hilo. Basi kwa nini pameandikwa, kwa herufi kubwa, "Salama kwa mimea yote"? Yote! Hata mti wa jade, nao sakulenti, ambao unajulikana wazi kwamba haupatani na sabuni hizi, umewekwa humohumo kwenye "yote". Neno moja tu, "jaribu kwanza kwenye jani moja", lingetosha. Nafasi ilikuwepo, wamechora vipepeo.

Halafu kuna hili la "puliza mara moja, usahau". Nani asahau? Jike mmoja anaweza kutaga mayai mamia kadhaa ndani ya kifuko cha pamba, na sabuni inaua kile tu inachokilowesha ikiwa bado mbichi. Ikishakauka, imekwisha kazi. Mayai yaliyositirika kwenye kifuko yanaanguliwa, watoto wanatoka wakitambaa, wadogo kiasi kwamba unawaona kwa shida, na baada ya wiki chache uko palepale. Dawa ya aina hii inataka kurudiwa kila baada ya wiki moja hivi, mpaka vizazi vyote vikatike. Mimi nilirudia bila kuwauliza, kwa haworthia na kaktasi tu, na ikaenda vizuri. Vidung'ata wa kwenye mizizi nao ni habari nyingine: mmea ukidumaa bila sababu, ung'oe, na ukikuta unga mweupe umeshika mizizi na pembeni mwa chungu, hakuna kupuliza kutakakokusaidia. Osha mizizi, tupa udongo wote.

Kwa echeveria nimerudi kwenye spiriti ya asilimia 70 na pamba ya masikio. Nayo inaondoa nta, sitawadanganya, lakini unagusa kidudu kimoja kimoja na doa linabaki palepale ulipogusa. Inachosha shingo. Angalau haiji na mhudumu.

Nilikuwa nimeandika nyota tatu. Nikaona ni ukatili, kwa sababu haworthia imepona kweli na hilo si jambo dogo, nikapandisha hadi nne. Nikasoma tena ule ujumbe wa vumbi. Mbili. Na hiyo ya pili ni ya ile sabuni, wenye duka wasije wakajipongeza. Mtu akikosea maandishi ya chupa namwelewa, huenda aliyeyaandika hajawahi kushika mmea. Lakini mteja anakuletea picha, anakuonyesha kwa ukaribu, anakueleza nta inafanya nini, na wewe unamrudishia kikaragosi?

Mwenye kaktasi, haworthia au mshubiri usio na poda, nunua. Nasema hivyo nikiwa nimekunja uso. Loweka mpaka ndani kabisa, jua likiwa limeshuka, rudia. Mwenye echeveria ya poda au jade asiisogeze karibu, hata akiambiwa nini.

Mwisho wa mazungumzo walinitumia kuponi ya punguzo kwa chupa ya pili, "kwa usumbufu uliojitokeza". Usumbufu haukujitokeza, waliuuza wenyewe. Kuponi ninayo bado. Kaktasi zinaihitaji.